Robo Dakika, Mara Nne

Somoe mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani, maana tangu asubuhi tumesalimiana mara tatu na chai tumekunywa pamoja. Sasa hivi umekwenda kuwaaga majirani, na ninavyowajua, hutarudi kabla ya magharibi. Kila nyumba watakukalisha na kukufungia muhogo wa njiani, kana kwamba Dar es Salaam hakuna chakula. Nimefunga zahanati mapema. Mgonjwa wa mwisho alikuwa na jipu, nimelikamua, ameondoka ananilaani. Nimekaa kwenye meza ya dawa, mlango nimeuacha wazi mwanga uingie, nakuandikia.

Mambo ya soksi, ya kufunga sanduku kwa kamba, ya kujitanda khanga kwa ajili ya vumbi la barabarani, shangazi yako ameshakwambia na kesho atakwambia tena mpaka uombe basi liondoke. Mimi siyarudii. Nina jambo moja, na ni zito, na kulisema mbele ya uso wako nimeshindwa mwaka mzima. Ulimi wangu ni mwepesi kwa wagonjwa, ila kwako umekuwa mzito.

Hapa mbele yangu ipo fomu yako ya afya, ile ya kambi ya timu ya taifa. Nimejaza yote: urefu, uzito, macho, meno, chanjo. Umebaki mstari mmoja. Umeandikwa hivi: Mapigo ya moyo, ya sawa / si ya sawa. Futa yasiyohusika. Nimeinua kalamu na kuiweka chini sijui mara ngapi. Ili uelewe kwa nini mtu aliyekuwa dresa wa vidonda na homa miaka yote hii ashindwe na mstari mmoja, itanibidi nianzie mbali kidogo.

Ulikuwa na miaka mitatu mama yako alipoanza kuchoka. Akipanda kutoka kisimani anakaa njiani. Miguu inavimba jioni, asubuhi inapungua. Mimi nilikuwa dresa mpya, nina cheti ukutani na saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, na watu wananiita daktari, nami siwakatazi. Nilimshika mshipa kama nilivyofundishwa: tazama saa, hesabu robo dakika, zidisha kwa nne, andika. Ndivyo tulivyofanya sote, kwa sababu foleni nje huwa ndefu na watoto wanalia. Nilipata namba nzuri. Nikamwambia, "Hawa, ni uchovu wa shamba tu. Pumzika kidogo." Akacheka, akaniuliza kama mimi ndiye nitakayepalilia.

Nilimpima hivyo mara nyingi, na kila mara namba ilikuwa nzuri. Siku aliposhindwa kulala chali ndipo nilipomshika mkono dakika nzima. Mwanangu, mapigo yale yalikuwa yanakimbia, yanasita, yanaruka, hayafuati chochote. Robo moja yalikuwa machache, robo inayofuata mengi, na mimi siku zote nilikuwa nachukua robo moja na kuifanya dakika. Tulimpakia kwenye lori kwenda hospitali mjini, lakini tulikuwa tumechelewa. Mazishini, mjomba wako Hamisi aliniuliza mbele ya watu, "Si wewe dresa, shemeji? Si ulikuwa unampima dada yangu?" Unajua kwetu mjomba ana sauti gani juu ya watoto wa dada yake. Angeweza kukuchukua siku ile ile. Hakukuchukua. Bibi yako, mama mzazi wa marehemu na Hamisi, akahamia kwetu kukulea, na swali la mjomba likabaki mle ndani ya nyumba pamoja nasi.

Halafu ukaja mwaka wa kuhamia kijijini. Tukaacha kwetu kule karibu na mdomo wa Ruvuma, tukajipanga hapa kwa mistari kama wanafunzi. Sisemi kijiji ni kibaya. Kimetupa shule, kimetupa zahanati hii ninayoandikia. Lakini mikorosho haikuhama nasi. Ilibaki mahameni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na korosho haziokotwi kwa kuziota. Wewe ulichoka kutembea ukaanza kukimbia. Unaondoka alfajiri na kikapu kitupu mgongoni, na kabla kengele ya shule haijagongwa umerudi. Mwalimu Filbert, yule wetu wa kutoka Iringa, alikufahamu siku ulipompita yeye na baiskeli yake. Mpaka leo anasema mnyororo ulikuwa umelegea.

Alipoanza kukufundisha kwenye ule uwanda mgumu nyuma ya mikoko, maji ya bahari yakitoka, watu walifurahi. Mimi niliogopa. Sikukwambia kwamba naogopa. Nilikwambia wanariadha wote hupimwa mapigo kila siku, ukaniamini. Basi kila asubuhi kabla hujainuka nikawa nakaa ukingoni mwa kitanda chako na daftari, nakushika mkono. Safari hii nilikuwa nimeapa: dakika nzima, hakuna kuzidisha. Na katika dakika nzima nikakuta kile kile nilichokuwa nakiogopa. Mapigo yako hayakuwa sawa. Yaliongeza mwendo, yakapunguza, yakaongeza tena.

Unakumbuka nilivyokulaza mwezi mzima? Hukukimbia, hukwenda mahameni, hata ndoo ya maji hukushika. Hukuambiwa sababu. Bibi yako alisimama mlangoni akaniangalia kama mtu aliyepotewa na akili.

"We Issa, mgonjwa gani huyu anamaliza sufuria ya ugali? Mwache mtoto akakimbie."

"Mama, haya ya moyo huyajui."

"Miye nimezaa tisa, ya moyo nisiyajue?"

Ningemsikiliza bibi yako, barua hii isingekuwepo. Nilikuachia baadaye kwa sababu ulilia, na kwa sababu Mwalimu Filbert alikuwa haninunulii tena sigara kwa kunikasirikia. Lakini kila siku niliyokuta mapigo yanapanda na kushuka, niliandika kwenye daftari kwa penseli nyekundu: si ya sawa. Siku hizo nilikuwa nakuangalia ukikimbia, siondoi macho mpaka usimame.

Kisha ukaja msimu wa korosho wa mwaka jana, na kiharusi kikamwangusha bibi yako. Upande mmoja ukafa, ulimi nao ukaenda. Haya mengine unayajua kuliko mimi, lakini niache niyaandike, maana sijapata kuyataja mbele ya mtu. Ulikuwa unaamka kumgeuza. Unakwenda mahameni kuokota, unarudi, unakwenda shule, unakwenda kwa Mwalimu mazoezini, unarudi kumwosha na kumlisha uji kijiko kwa kijiko, na usiku unalala chini ya kitanda chake ili umsikie akihangaika. Mimi nilikuwa nalala. Nilijiambia hiyo ni kazi ya wanawake, na mwanamke pale nyumbani ulikuwa wewe peke yako, msichana wa miaka kumi na saba.

Na asubuhi nikikushika mkono, nakuta nini? Mapigo yamenyooka. Tak, tak, tak, hayapandi, hayashuki, kama saa ya ukutani. Nikamshukuru Mungu. Nikaandika: ya sawa. Nikamwambia Mwalimu sasa aongeze mizunguko, moyo umetulia. Wiki moja kabla ya mashindano ya mkoa uliniambia, "Baba, nimechoka." Mimi nikafungua daftari nikakuonyesha. Nikakwambia, "Umechoka vipi? Tazama mwenyewe, hujapata kuwa mzima namna hii." Uliangalia karatasi, ukasema, "Haya, Baba." Neno lile hunijia hata nikiwa nafunga kidonda cha mtu.

Mjini uliongoza mizunguko miwili. Wa tatu nikaona miguu inakwenda huku na huku, ukaanguka mbele ya jukwaa, na wenzako wakakupita mmoja mmoja. Nilifika nikakuta mjomba Hamisi ameshafika, ametoka kazini bandarini na nguo zake za kupakia mizigo, amekuinua kichwa. Akanigeukia. Akaniuliza swali lile lile, kwa maneno karibu yale yale, baada ya miaka kumi na nne. "Si wewe dresa, shemeji? Si unampima huyu kila siku?"

Somoe, sikuwa na ujasiri wa kulisikia swali lile mara ya pili. Juzi yake kulikuwa na ngoma ya unyago hapa kijijini. Nikasema, "Nifanye nini, shemeji? Alikesha ngomani. Nimemkataza, hasikii."

Nilimwambia kwamba ulimwacha mama yake mzazi kitandani, hawezi kusema wala kujigeuza, ukaenda kucheza.

Ulikuwa umefumbua macho. Ulinisikia. Mjomba akakuuliza, "Kweli?" Ukaniangalia mimi, halafu ukamwangalia yeye, ukasema, "Nisamehe, Mjomba." Hukuwahi kukanyaga kwenye ngoma ile. Ulikubali kosa ambalo si lako ili baba yako asiaibike mbele ya watu, na baba yako akakuacha ukubali. Mjomba akaapa hutakimbia tena. Bibi yako akafariki kabla mwezi haujaisha, na wewe uliyemwosha mpaka siku ya mwisho, mjomba wako hakukupa mkono msibani. Niliona. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa.

Huenda unajiuliza nilikuja kujua lini kwamba nimekosea. Ni siku alipokuja yule daktari kutoka mjini kukagua zahanati. Ulikuwa unapita na ndoo, nikakuita. Nilimwambia una mapigo mabaya kama ya marehemu mama yako, nikamweleza yalivyokuwa. Akakushika mkono, akakwambia uvute pumzi, uitoe polepole, uvute tena. Akatabasamu. Ulipoondoka aliniambia, "Dresa, huu si ugonjwa. Akivuta pumzi moyo unaongeza, akitoa unapunguza. Kijana mzima aliyepumzika ndivyo alivyo. Wa marehemu ulikuwa haufuati chochote. Huu unafuata pumzi." Nikamuuliza, na ukinyooka kama saa? Akainua mabega. Akasema wazee huwa hivyo. Kwa kijana hana hakika, huenda amechoka sana, au ana jambo moyoni.

Jioni ile nilitoa daftari lako nikalisoma tangu mwanzo. Siku za penseli nyekundu ni siku ulizokuwa unacheka, unakula, unampita Mwalimu na baiskeli yake. Siku nilizoandika "ya sawa" zinaanza wiki aliyoanguka bibi yako, hazikatiki mpaka siku ya mashindano. Daktari hakuniambia hivyo, wala sijasoma kitabuni. Ni mkono wako na maandishi yangu mwenyewe. Nilikulaza ulipokuwa mzima, nikakukimbiza ulipokuwa umekwisha. Nililia, mwanangu, na shangazi yako akadhani nimepata barua ya msiba.

Na hata baada ya hapo sikusema. Alikwenda Mwalimu Filbert mjini, mtaa wa Rahaleo, kumbembeleza mjomba akuruhusu, mimi nikabaki hapa nahesabu vidonge. Ulirudi kukimbia, ukashinda mkoa, jina lako likaitwa Dar es Salaam. Mwenyekiti akatangaza mkutanoni kwamba kijiji chetu kimetoa mwana. Kila mtu alipiga makofi. Mimi nilipiga pia.

Juzi nilipokwenda mjini kuchukua dawa, nilipita bandarini kwanza. Nilimsubiri mjomba getini mpaka zamu yake ikaisha. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, bila kupamba.

"Kwa hiyo mwezi mzima," akasema, "alikuwa anamgeuza mama?"

"Anamgeuza, anamwosha, anamlisha."

"Na ngomani?"

"Hakwenda. Hakwenda hata kuchungulia."

Alikaa chini pale pale ukutani, na vumbi la magunia mabegani. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Alijifuta uso kwa kofia yake. "Mtoto yule nilimnyima mkono," akasema. "Msiba wa mama yangu, nilimnyima mkono." Kisha akaniuliza kama unajua nimekuja. Nikasema hujui. Akasema, "Basi mwambie ya kwako wewe. Ya kwangu nitamwambia mwenyewe stendi."

Sasa turudi kwenye fomu. Leo asubuhi nilikushika mkono. Ulivuta pumzi, ukaitoa, na moyo wako haukufuata. Umenyooka kama saa. Nikakuuliza hali, ukasema, "Niko sawa, Baba." Wiki mbili hizi umekuwa na mazoezi asubuhi na jioni, wageni, hotuba za mwenyekiti, na najua unaogopa kuanguka tena mbele ya watu, safari hii mbele ya nchi nzima. Hujaniambia. Ungeniambiaje mimi, wakati mara ya mwisho uliponiambia umechoka nilikufungulia daftari?

Ona basi mstari ule unavyonicheka. Nikifuta "si ya sawa", nitakuwa nimeandika ukweli wa leo, kila mtu atafurahi, na nitakuwa nimekukimbiza ukiwa umechoka kwa mara ya pili. Nikifuta "ya sawa", huenda karani asiyejua lolote akakurudisha na basi lile lile. Sikufuta lolote. Nimeandika chini yake, kwa herufi ndogo maana nafasi ni finyu: "Akiwa amepumzika, mapigo hupanda avutapo pumzi na kushuka aitoapo. Leo yamenyooka kwa uchovu na mashaka. Apewe siku chache za kupumzika kabla ya kukimbizwa. Nimempima mwenyewe." Nikatia sahihi.

Huenda wasielewe. Huenda wakasema dresa wa kijijini anajifanya bingwa wa moyo, wakakunyima nafasi. Ikiwa hivyo nitasimama mkutanoni, mbele ya mwenyekiti na kila aliyepiga makofi, niseme ni maneno yangu na si kosa lako. Lakini nafasi ni yako, Somoe. Bahasha ya fomu sijaifunga. Isome. Ukitaka nifute maneno yale niache "ya sawa" tu, niambie wakati wowote kabla basi halijaondoka. Kalamu nitakuwa nayo mfukoni, na sitakuuliza kwa nini.

Huko uendako sitakuwepo asubuhi. Jishike mwenyewe kabla hujainuka, vuta pumzi, itoe polepole, usikilize kama moyo unaifuata. Ukiwa unaifuata, kakimbie uwachoshe wote. Ukiwa haufuati, sema kwa kocha kwamba umechoka, kwa maneno hayo hayo uliyoniambia mimi. Na akikuonyesha daftari, mwambie ulikuwa na baba aliyekuwa na daftari zuri sana.

Nimejishika na mimi kabla ya kuandika haya. Yamenyooka, kama yako ya asubuhi. Daktari alisema wazee huwa hivyo, lakini huu si uzee, mwanangu. Naogopa. Naogopa utaisoma barua hii, upande basi, na usitake kurudi kwetu. Ukifanya hivyo sitakulaumu. Nisamehe kwa mwezi ule niliokulaza. Nisamehe kwa neno lile nililosema mbele ya jukwaa. Nisamehe zaidi kwa ulivyoniangalia baada yake, nami nikanyamaza.

Nasikia sauti yako kule kwa shangazi yako, unacheka. Naikunja sasa, nikupe usiku huu pamoja na fomu. Kesho lori la korosho litatufikisha mjini mapema, na mjomba atakuwepo. Mpe mkono, kama utaweza. Na mimi nitakushika mkono pale mlangoni mwa basi, mpaka kondakta agombe. Usihesabu ni muda gani. Saa nitaiacha hapa zahanati, kwenye msumari wake.

Baba yako,
Issa